Masalio

Kila asubuhi, nikishakunja mashuka,
naingia bafuni na kopo la siagi.
Wageni wa gesti ya Mwakifamba
husahau chaja, husahau soksi moja,
lakini sabuni hawaisahau. Wanaiacha,
nyembamba kama ukucha, imejipinda,
imebeba unywele usiojulikana wa nani.

Nawajua kwa masalio yao.
Dereva wa malori ya Kasumulu ana ya mche,
huikata kwa kisu, na kovu la kisu hubaki.
Afisa wa mbegu, chumba namba sita,
ana ile nyeupe ya karatasi ya dhahabu;
anaoga mara mbili kwa siku,
Tukuyu hii, Juni hii!
Na yule msichana wa siku tatu, namba mbili,
aliyefungulia maji ili tusimsikie,
aliacha ya kijani, karibu nzima,
vidole vinne vimezama upande mmoja
kama vya mtu aliyeshika ukingo.

Haba na haba hujaza kibaba, walisema.
Hawakusema kibaba kitanuka nini.

Jumapili mvua ikigonga bati
(isipogonga, subiri kidogo)
naketi jikoni na kikwaruzo cha karoti,
kila rangi na bakuli lake.
Mara ya kwanza nilichanganya zote
nikapata kitu cha rangi ya matope ya stendi.
Hata Atupakisye, mdogo wangu, anayesifia kila kitu,
alikitazama, akasema: "Kitasafisha."

Siku hizi najua.
Sufuria ndani ya sufuria, moto mpole,
maji ya kijiko, si ya kikombe.
Usisonge kama ugali;
geuza kama unayemgeuza mtoto usingizini.
Bluu ya kufulia, chembe moja tu, huleta anga
tunaloliona hapa kwa nadra, kama mgeni wa serikali.
Bizari. Na chai ya Rungwe, ile ya vumbi,
huacha madoadoa ya yai la kwale.

Halafu jani la mgomba. Nalipitisha motoni lilegee,
nalitandika ndani ya kibati, mgongo ukitazama juu,
nashindilia rangi juu ya rangi, nafunga.
Kesho nikilibandua
mistari yote ya jani imehamia kwenye sabuni,
kama kitambaa
kilichofumwa na mtu asiye na haraka.
Katikati nagonga kifungo cha koti la baba:
linatokea ua lenye macho manne.

Kazi ni kukausha.
Ukungu unaingia hata kabatini.
Juu ya jiko zinanuka moshi,
dirishani zinatoka jasho kuliko mimi.
Wiki sita nazigeuza. Wiki sita.

Mwezi uliopita afisa wa mbegu alirudi.
Akaziona mapokezi, zimevikwa ganda kavu la mgomba.
Akainua moja, akainusa, akafumba macho.
"Hii," akasema, "inanikumbusha kitu."
Nikatazama sakafu.
Akanunua tatu za mke wake, elfu tatu kila moja,
akaingia namba sita, akaoga,
akaacha nusu.

Ile ya kijani sikuikwaruza.
Ilikaa rafuni miezi minne.
Nilijaribu vidole vyangu mle. Vilienea.
Kisha Atupakisye, akinisaidia siku nina homa,
aliikwaruza pamoja na nyingine.
Nilimfokea hadi akaangusha bakuli,
na kosa lake sikuweza kumtajia.

Basi uko mstari wa kijani, mwembamba,
katika sabuni tisa.
Moja ameichukua fundi cherehani wa Mwanjelwa,
moja imevuka mpaka na yule dereva wa kisu,
nyingine sijui.
Ya mwisho nimeiweka bafuni, namba mbili,
jani halijabanduliwa,
kwa yeyote atakayefungulia maji
na kuyaacha yaende.